Unguja hadi Maskati: masafa ni yale yale, saa si zile zile

Jumamosi, Unguja

Tiketi zimekatwa. Kwenda ni moja kwa moja kutoka Kisauni, uwanja wetu wa ndege hapa Unguja, hadi Maskati, kurudi ni kwa kupitia Addis Ababa, na nimepanga hivyo kwa makusudi. Shangazi yangu anayeishi Seeb, huko Maskati, anataka kuja nyumbani Januari kwenye arusi ya mjukuu wake. Magoti yanamsumbua, umri umekwenda, na wanawe hawajakubaliana: mmoja anataka mama apande ndege ya moja kwa moja, mwengine anasema tiketi ya kuunganisha ni nafuu na masafa yanapishana kidogo tu. Wakaniuliza mimi kwa kuwa nimesomesha Jiografia miaka mingi. Jibu la kupiga hesabu mezani halimfai mtu wa umri wake. Nimeamua nizipite njia zote mbili, niandike saa na dakika kila hatua, kisha ndiyo niseme.

Leo kazi ilikuwa ya ramani. Nimeazima tufe la skuli, nikavuta uzi kutoka Unguja hadi Maskati ukaze kabisa. Uzi unapita juu ya Pemba, unaziacha Mombasa na Lamu kushoto, unafuata bahari mpaka karibu na Kismayo, na hapo ndipo unapoikata Ikweta. Baada ya hapo unaingia bara, unapita nyuma kidogo ya Mogadishu, unaikata Somalia yote mpaka upande wa Bosaso, unavuka Ghuba ya Aden, kisha unatua Salalah. Ndiyo, Salalah khasa. Kutoka hapo ni jangwa la Oman mpaka Maskati.

Urefu wake ni kiasi cha kilomita 3,900, yaani maili za baharini 2,100 na ushei. Nimesema "kiasi" kwa sababu ukitafuta mtandaoni utakuta tarakimu zinazopishana kwa kilomita kumi na kitu, na watu hudhani kuna aliyekosea. Tofauti inatokana na umbo la dunia. Wako wanaoihesabu dunia kuwa tufe kamili, na wako wanaoihesabu ilivyo: nusukipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye Ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kwa umbo hilo, digrii moja ya latitudo karibu na Ikweta ina kilomita 110.6, na karibu na ncha ina 111.7. Safari yetu inakwenda zaidi kaskazini kuliko mashariki, tena iko jirani na Ikweta, kwa hiyo hesabu ya tufe kamili huirefusha kidogo. Wengine tena hupima mji kwa mji badala ya uwanja kwa uwanja, na Maskati ya kale iko kama kilomita 30 mashariki ya uwanja wenyewe.

Ndege za aina ya Boeing 737 husafiri kwa mwendo wa kilomita kama 840 kwa saa zikishatulia angani. Gawa 3,900 kwa 840, unapata saa 4 na dakika 39. Tiketi yangu inasema kuondoka 09:20, kufika 15:35. Mwenye haraka akitoa atapata saa sita na robo. Hapo ndani kuna saa moja isiyokuwa ya safari: Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Inabaki saa tano na robo. Bado kuna dakika 36 kati ya hesabu yangu na ya tiketi, na hizo ndizo nitakazozitafuta siku ya safari.

Jumatatu, Malindi

Nimekwenda kumuamkia mzee mmoja, marehemu baba yake alikuwa baharia wa majahazi ya Oman. Nilitaka kujua wao walizihesabu vipi hizi kilomita.

Hawakuzihesabu. Walihesabu upepo. Kaskazi ya Disemba hadi Machi iliwaleta vyombo kutoka Uarabuni na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi ikianza, Aprili na Mei, walitweka tanga kurudi, wakiwa na boriti za mikoko na nazi. Juni na Julai hakuna aliyetia mguu baharini, maana kusi ikishika kwenye pwani ya Somalia na Oman bahari haina mzaha. Aliyechelewa alingoja demani, Agosti mpaka Septemba, kusi inapolegea. Kutoka hapa hadi Maskati ilikuwa wiki tatu mpaka tano, kwa mujibu wa upepo na bandari walizotia nanga. Nimepiga: siku 25 kwa kilomita 3,900 ni kilomita sita na nusu kwa saa, usiku na mchana. Mtu anayetembea kwa haraka.

"Baba akisema anaondoka Maskati, mama haulizi siku gani atafika," alinambia mzee. "Anauliza upepo umekaaje."

Swali hilo nimelibeba.

Jumatano, angani

Nimetoka nyumbani 05:50. Uwanja wa Kisauni, yaani Abeid Amani Karume, uko karibu na mji, lakini kwa safari za nje wanataka ufike saa tatu kabla. Mizigo, pasi, uhamiaji, kisha kukaa. Vileja vya shangazi nimevishika mkononi nisivivunje.

09:24 ndege imeanza kurudishwa nyuma kutoka ilipoegeshwa. 09:36 magurudumu yameacha ardhi. Dakika 12 hizo zimehesabiwa ndani ya saa tano na robo za tiketi, maana ratiba hupimwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena. Njia ya kurukia ya Unguja inakwenda kaskazini na kusini, na kwa kuwa kusi bado inavuma, rubani ameruka kuelekea kusini, kuukabili upepo. Ndege hupaa kwa wepesi zaidi ikipigwa na upepo wa mbele. Kwa hiyo safari ya kwenda kaskazini imeanza kwa kutupeleka upande wa Kizimkazi, kisha tukazunguka juu ya Paje na kushika njia yetu. Kisha kulikuwa na dakika 20 na zaidi za kupanda, ambapo mwendo haujafika ule wa 840. Dakika zangu 36 zimeanza kuonekana.

Pemba tumeiona yote, kijani kibichi, vimto vyake vinang'aa. Kioo cha mbele ya kiti kinaonyesha kimo cha mita 11,000 na kitu na baridi ya nje nyuzi 46 chini ya sifuri. Mwendo juu ya ardhi: kilomita 802 kwa saa. Ninaandika hapa kwa sababu hii ndiyo sehemu niliyoisubiri. Ndege yenyewe inakwenda 840 ndani ya hewa, lakini hewa inakuja kinyume nasi, na karibu kilomita 40 zinaliwa kila saa.

Majira haya, chini kabisa, kusi inavuma kuelekea kaskazini mashariki, ikipita pwani ya Somalia kwa nguvu nyingi kuliko upepo wowote wa chini katika sehemu hii ya dunia. Wataalamu wa hali ya hewa wameuandikia sana tangu mwaka 1969, mwenzao Findlater alipoueleza. Nahodha wa jahazi leo angekuwa na upepo wa tezi, unaomsukuma kwa nyuma. Lakini hewa inayokwenda India chini hurudi kwa juu. Kutoka Asia ya kusini mpaka Afrika Mashariki, miezi ya Juni hadi Septemba, huko juu hupita mkondo wa upepo wa mashariki, kitovu chake kiko juu zaidi ya ndege za abiria, lakini pembe zake zinatufikia. Kwa hiyo siku moja, njia moja, jahazi chini ana upepo wa tezi na ndege juu ina upepo wa omo, unaoipiga kwa mbele. Nimesomesha pepo za msimu miaka yote kwa chaki ubaoni. Leo nimeziona kwa tarakimu, na nimefurahi mno.

10:41, Ikweta. Hakuna tangazo lolote. Bahari ya Kismayo iko chini, mstari mweupe wa povu ufukweni unaonekana hata kutoka juu hivi, bahari imechafuka. Mogadishu ilikuwa upande wa kulia, niliyekaa kushoto sikuiona. Somalia ni ndefu. Ukiwa na ramani ndogo unadhani utaimaliza mara moja. Tumekaa juu yake karibu saa mbili, ardhi ya rangi ya matofali na mito iliyokauka. 12:30 tumeitoka.

Kisha Salalah, 13:24 kwa saa ya nyumbani. Milima ya Dhofar imefunikwa na mawingu kwa upande wa bahari tu, yamekwama hapo kama pamba kwenye miiba. Ni kusi hiyo hiyo. Inapiga maji baridi yaliyopanda kutoka chini ya bahari, inabeba ukungu, inaugongesha milimani, na Salalah inakuwa ya kijani Juni mpaka Septemba. Wenyewe wanaita khareef. Huko kuna minazi na migomba. Upande wa pili wa mlima, wingu linakatika pale pale na jangwa linaanza, la rangi ya kahawia mpaka macho yanapoishia. Jirani yangu, kijana wa Kiomani, alinionyesha kwa kidole akasema kwa Kiswahili safi, "Bibi yangu anasema hapa ndipo Unguja ilipokuja kupumzika."

14:31 tumetua, 14:39 tumeegeshwa. Kwa saa ya Maskati ni 15:39, tumechelewa dakika nne tu. Angani saa 4 na dakika 55. Joto la nje lilinipiga usoni mlangoni. Uhamiaji, mizigo, gari, na 16:55 ya Maskati nikawa kwenye baraza ya shangazi. Kutoka mlango wa nyumba yangu mpaka mlango wake: saa 10 na dakika 5. Nusu yake haikuwa ya kuruka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umechoka?"

Nimechoka, lakini kwa kiasi cha kuondoka na kikombe kimoja cha kahawa.

Alhamisi, Seeb

Siku ya kukaa. Uwanja huu zamani ukiitwa kwa jina la hapa, Seeb. Jina la Maskati umepewa 2008, na jengo jipya la abiria lilifunguliwa Machi 2018. Shangazi amekaa mji huu tangu miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia milango wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki. Majirani zake watatu wanaamkiana kwa Kiswahili asubuhi kama wako Mkunazini.

Nilimuuliza yeye mwenyewe anaogopa nini katika safari. Hakusema ndege. Alisema: kutembea kwingi, na kungoja bila ya kujua unangoja mpaka lini. Kisha akataja wazee waliosafiri mwezi mzima na wengine wasifike. Hata Seyyid Said hakufika: aliondoka Maskati Septemba 1856 kurudi Unguja, akafia chomboni Oktoba 19, karibu na Ushelisheli. Sultani mwenye merikebu zake, na masafa haya haya yalimchukua zaidi ya mwezi bila ya kuyamaliza.

Jumamosi, Sur

Mtoto wa shangazi amenipeleka Sur, kama kilomita 200 kwa gari, saa mbili na kidogo. Nilitaka kuiona Fath al-Khair, ghanjah (aina ya jahazi kubwa) iliyoundwa hapa 1951, ikauzwa nje, watu wa Sur wakaichangia na kuirudisha. Imewekwa nchi kavu. Tezi lake limechongwa maua kama milango ya Mji Mkongwe. Nimesimama chini yake nikatazama ubavu wa mbao uliopita bahari, mbao nene kuliko kiganja changu, na misumari mirefu iliyofungwa kwa uzi wa pamba uliolowa mafuta.

Binamu yangu ndiye anayetetea tiketi ya Addis. Njiani alinifungulia hesabu yake, na hesabu haina kasoro: Maskati hadi Addis Ababa ni kilomita kama 2,630, Addis hadi Unguja kama 1,690. Jumla 4,300 na kidogo. Ziada ni kilomita 400 tu, nusu saa ya ndege. "Kaka, nusu saa?" Nikamwambia asubiri nirudi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa

Tiketi imeandikwa Ijumaa, 03:55. Hapa lazima niseme na kila anayemkatia tiketi mzazi. Kwa wazee wetu siku inaanza jua likitua na usiku wa Ijumaa ndio huu unaoamkia Ijumaa, kwa hiyo shangazi aliielewa mara moja. Ni vijana ndio waliotaka kunipeleka uwanjani Ijumaa usiku, ndege ikiwa imeshaondoka tangu alfajiri. Kwa uwanja wa ndege siku inaanza saa sita ya usiku. Ukiona tarakimu inayoanza na 00 mpaka 05, waambie nyumbani "usiku wa kuamkia" siku ile, na uandike kwenye karatasi ubaoni.

Nimetoka nyumbani kwa shangazi 00:30. Kwa saa ya Unguja bado ni Alhamisi, 23:30. Tumeruka 04:12 ya Maskati.

Ijumaa, Addis Ababa na nyumbani

Tumetua Addis 06:42 baada ya saa tatu na nusu za giza. Sikulala. Nimeshuka na shali. Agosti ni mvua huku, asubuhi ina ubaridi wa kutetemesha, na uwanja uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege hewa hushindiliwa mpaka ikawa kama ya kimo cha mita 2,400 hivi kwa kiwango cha juu. Maana yake abiria anayeungia ndege hapa hapati nafuu ya pumzi akishuka. Anatoka kwenye hewa nyembamba anaingia kwenye hewa nyembamba, mpaka atue pwani. Kijana hahisi. Mtu mwenye presha na miguu inayovimba anahisi.

Nimeagiza kahawa. Saa ya ukutani pale ilisoma moja na nusu wakati simu yangu inasema 07:30. Waethiopia nao wanahesabu saa tangu kuchomoza jua, kama sisi. Nilimuonyesha mama wa kahawa kwa vidole kwamba na kwetu ni saa moja na nusu, akacheka, akanijaza kikombe cha pili.

Kutoka kutua mpaka kuruka tena ni saa nne na dakika mbili. Ukaguzi wa mizigo ya mkononi mara nyengine, viatu kuvua, kutembea, ngazi, kuketi, kusimama foleni. Nilihesabu kila mahali ambapo shangazi angelazimika kuinuka kitini, na nikaacha kuhesabu kabla ya kuita abiria wa Unguja.

Tumeruka 10:44. Ethiopia ya kusini imefunikwa na wingu, Kenya imefunguka kidogo, kisha pwani. Tumetua 13:02. Nyumbani 14:10.

Hesabu nimeifanya mezani kabla ya kuoga. Angani, njia ya Addis imekula saa 5 na dakika 48, kwa 4 na dakika 55 za moja kwa moja. Zimezidi dakika 53 tu, na binamu yangu alikuwa karibu na ukweli. Mlango kwa mlango, saa 14 na dakika 40 kwa saa 10 na dakika 5. Zimezidi saa nne na nusu na zaidi, tena baada ya usiku wa kukesha, na nyingi zake zimeliwa ardhini. Kilomita 400 hazikumchosha mtu. Kilichochosha ni kutua na kuruka mara mbili, na kungoja katikati.

Jumapili, Unguja

Nimewaandikia wote kwa pamoja. Kwa wenye nguvu zao, njia ya Addis ni nzuri na mimi nitaipita tena, hasa bei ikiwa nafuu. Kwa mama yenu, moja kwa moja. Ndege ya mchana ikipatikana ndiyo bora, siti ya kando ya njia, na kiti cha magurudumu kiombwe siku ile ile ya kukata tiketi, si uwanjani.

Nikaongeza juu ya Januari. Pepo zitakuwa zimegeuka. Huko juu Uarabuni wakati huo hupita upepo mkali wa magharibi, utaipiga ndege kwa ubavu na kuirudisha nyuma kidogo mwanzoni mwa njia. Ukishakaribia Ikweta pepo za juu hulegea. Dakika chache za kupungua au kuzidi zisiwatie wasiwasi. Na tiketi yake itasomeka kama safari ya saa nne na robo, kwa sababu akija huku anarudishiwa ile saa moja. Mwambieni mapema kwamba atakaa kitini saa tano na robo, ale kabla, na ainuke kunyoosha miguu ndege ikipita Salalah, na tena ikipita Mogadishu.

Binti yake amejibu usiku. Wamekubaliana moja kwa moja, binamu yangu ndiye atakayelipa ziada, na wanatafuta tarehe ambayo ndege inatua Kisauni kabla ya magharibi.